Kwa Mama Mkwe Unaitwa Nguruwe

Agosti 19, 1984

Leo nimeamka nikakuta uyoga juu ya cherehani yangu. Umetandazwa kwenye gazeti, vipande kwa vipande, na kipande kimoja kimegandana na sindano. Mama mkwe amesema jua la asubuhi hupiga dirisha lile tu, na cherehani haifanyi kazi siku ya sikukuu. Nimeutoa kwa kijiko. Funza mweupe mwenye kichwa cheusi alikuwa anapanda gurudumu la cherehani polepole, kama mtu anayekwenda kazini asikotaka kwenda.

Tangu mwezi wa nne tunaishi hapa kijijini kwa mama yake Bazyl, mume wangu, baada ya Bazyl kupata kazi kwenye kiwanda cha mbao. Kabla ya hapo, miaka yote ya ndoa yetu, tulikuwa mjini Białystok, na huku tulikuja kwa sikukuu tu. Siku ya sikukuu, wakileta uyoga, unaweza kusema umeshiba. Ukiishi na mtu huwezi kusema umeshiba kila siku.

Ukoo wa mume wangu ni Waorthodoksi. Wana lugha yao, na ukiwauliza ni lugha gani watakujibu: ya kwetu. Mimi ni Mkatoliki, Mpolandi wa mjini, fundi cherehani. Wakinong'ona ya kwetu nawaelewa vizuri, na hilo ndilo wasilonisamehe.

Agosti 22

Mvua.

Agosti 23

Mvua. Wote wana furaha. Bazyl amesimama mlangoni akivuta hewa puani kama mbwa, akasema, “Sikia, Stefania, msitu umeanza kunuka.” Nimesikia. Unanuka kama kabati la marehemu.

Agosti 25

Jirani yetu Kazys, mfuga nyuki, ameleta ndoo ya uyoga wa njano. Kazys ni Mlithuania wa upande wa Puńsk. Aliletwa huku na mke, mke akafa, na yeye amebaki kwa ajili ya nyuki, ndivyo asemavyo. Ameketi barazani na mama mkwe wakiusafisha kwa visu, na mabishano yao ya kila mwaka yakaanza upya. Sisi Wapolandi uyoga huo tunauita kurka, kuku mdogo. Nyumba hii wanauita lisiczka, mbweha. Kazys anauita voveraitė, yaani kindi.

“Mbweha kamla kuku,” mama mkwe alisema, akinitazama mimi.

“Na kindi yuko juu ya mti, anawacheka nyote wawili,” akasema Kazys.

Walicheka mpaka wakajipaka udongo usoni kwa kufuta machozi. Hata mimi nilicheka kidogo. Huo wa njano siuchukii sana. Hauna ute wala funza, na harufu yake karibu ni ya tunda. Kama ningelazimishwa kusamehe uyoga mmoja, ningesamehe huo, kisha ningenawa mikono.

Agosti 30

Sasa niandike juu ya ule nisioweza kuusamehe.

Hauhitaji kutafutwa. Unaota kando ya kijito, chini ya miti ile inayopenda majimaji, na unaota hata nyuma ya choo chetu. Ni mkubwa, wa rangi ya udongo. Ukingo wake umekunjwa kwa ndani kama pindo la sketi lililoshonwa na mlevi. Katikati una bonde, na bondeni mvua hutuama pamoja na konokono. Ukiushika unanata. Ukiubonyeza, alama ya kidole hugeuka kahawia palepale, rangi ya nepi ya mtoto anayeharisha. Nimeukata mmoja tu maishani mwangu, na kisu kilitoka na uzi wa ute kama kamasi.

Mama mkwe huuchemsha, akamwaga maji, akauchemsha tena. Maji anayomwaga ni meusi kama ya kufulia soksi za mpasua mbao. Kisha huutia chumvi na vitunguu saumu ndani ya pipa dogo, juu anaweka jiwe. Pipa likikaa siku chache hutoa povu. Jumapili unaletwa mezani kwenye bakuli, baridi, pamoja na viazi vya moto, na kila mtu anaufyonza kwa sauti.

Yeye anauita swinucha. Ni jina la nguruwe, na kwa mara ya kwanza naona watu hawa wamekipa kitu jina linalokistahili. Kazys anauita meškutė, dubu mdogo. Kwetu Wapolandi ni olszówka, kwa jina la ile miti.

Juzi redio ilisema watu waache kula olszówka, kwamba imeonekana ni sumu. Nikamwambia.

“Basi Wapolandi waache kula olszówka,” mama mkwe akasema. “Hii ni swinucha.”

“Ni uyoga huohuo, Mama.”

“Wewe hata kuugusa huugusi. Utajuaje kama ni huohuo?”

Bazyl alicheka akafyonza maji ya vitunguu vidoleni. Kazys, ambaye huja kwetu saa ya chakula bila kukosea, alisema yeye hana wasiwasi, redio haijasema neno lolote juu ya dubu.

Septemba 2

Mvua. Nimeshona suruali ya padri wao. Mikono yangu inanuka pipa, na pipa sijaligusa.

Septemba 4

Kama juzi.

Septemba 6

Leo nimekataa waziwazi. Nyama ya mgao, ile ya kuponi, imekwisha tangu mwanzo wa wiki, kwa hiyo jioni ilikuwa viazi na bakuli lile. Nimekula viazi na chumvi. Mama mkwe alinitazama, akachukua kijiko cha ute ule akakimimina juu ya viazi vyangu kwa mkono wake, kama unavyomwekea mtoto.

“Nimewalea watoto wawili kwa hii,” alisema. “Mwaka aliokufa baba yao tulikula hii mpaka theluji. Angalia hilo jitu.” Jitu ni Bazyl. Kweli ni mkubwa, mabega kama mlango.

Niliinuka nikatapika nyuma ya nyumba, na pale nilipoinama ulikuwa umeota mwingine.

Niliporudi, Bazyl alikuwa anamalizia sahani yangu. Aliniambia ya kwamba mama amekosa, lakini nami nimemtia aibu, ningeonja tu. Nilimwangalia mdomo. Ulikuwa unang'aa.

Septemba 10

Sina nguvu za kuandika vizuri, lakini nisipoandika nitapiga mtu.

Jana, Jumapili, walikula mchana baada ya kanisa. Bazyl alikula bakuli zima. Kabla hatujamaliza kuosha vyombo, alitoka uani akainama, akakaa chini kwenye majani, yeye ambaye hajapata kuumwa hata jino. Tumbo, akasema. Akatapika, akaharisha, akatapika tena. Mama mkwe akampa gongo na chumvi. Jasho lilimtoka mpaka shati likagandana na mwili. Baadaye tumbo likatulia kidogo na mama mkwe akasema mmeona, limepita. Lakini mgongo ukaanza kumuuma, huku chini kwa nyuma, na alipokwenda haja ndogo aliniita kwa sauti ya ajabu. Mkojo ulikuwa mweusi kama maji ya kuchemshia viazi sukari vyekundu.

Nilikimbia kwa Kazys, naye akaendesha pikipiki mpaka kwa bwana misitu kupiga simu. Ambulensi ilitufikisha hospitali ya wilaya kabla ya giza. Mama mkwe alipanda nayo bila kuuliza mtu, na kitambaa chake cha kanisani bado kichwani.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, jina lake Rutkowska. Alimfunua Bazyl macho. Weupe wa macho ulikuwa umeanza kuwa manjano. Akauliza amekula nini.

“Viazi,” mama mkwe akasema. Kwa Kipolandi kizuri kabisa, kile anachojifanya hakijui.

“Na nini kingine?”

“Uyoga kidogo. Kurki.”

Kurki. Ndio wale kuku wadogo wa njano; hakusema lisiczki, mbweha. Alichukua neno letu, jina la uyoga safi kuliko wote, akamkabidhi daktari kama kitambulisho cha mtu mwingine. Daktari akamwinamia Bazyl: ni kweli, bwana, ni kurki? Na Bazyl, na ile ngozi yake ya nta, alimtazama mama yake kwanza. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Sijawahi kuona kinyaa namna ile. Hata pipa halijanipa. Mtu anakojoa damu yake mwenyewe, na bado anaona haya Mpolandi asije akajua kwao wanakula kitu kiitwacho nguruwe.

“Wanadanganya,” nikasema. “Ni olszówka. Imetiwa chumvi pipani, na amekula bakuli zima.”

“Huyu hajui uyoga,” mama mkwe akamwambia daktari, kwa upole, kama anaomba radhi kwa ajili yangu. “Muulize mtu yeyote kijijini. Hali uyoga, haokoti, hawezi kutofautisha huu na ule.”

Yote ni kweli. Daktari akanitazama akaniambia nisimpe jina, nimwambie ulivyo. Nikamwambia. Nilimwambia pindo lililokunjwa ndani, bonde, ute unaonata, alama ya kidole inayogeuka kahawia, maji meusi, miti ya kijitoni. Nilisema mpaka nikasikia mate ya kichefuchefu yananijaa mdomoni. Hakuna mtu aliyewahi kuutazama uyoga ule kama nilivyoutazama mimi. Wao waliutazama kwa njaa, na mwenye njaa haangalii pindo.

“Inatosha,” daktari akasema, na akatoka haraka.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi na mikono mapajani. Hakunitazama. Vidole vyake vilikuwa vya kahawia mpaka kwenye kucha, rangi ile ile.

Septemba 11

Wamempeleka Białystok, kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo zimesimama.

Daktari Rutkowska alinieleza kabla hawajaondoka. Alisema uyoga huo una hila kuliko ule unaoua mara moja. Mtu anaweza kuula miaka na miaka. Mwilini mwake kunajengeka chuki asiyoisikia, na siku moja, kwa bakuli lilelile la siku zote, damu inaanza kujipasua yenyewe. Mwingine atakula mpaka uzeeni asidhurike, na hakuna ajuaye nani ni nani. Lakini huyu sasa amejulikana. Akipona, asiuguse tena hata kijiko.

Mama mkwe alikuwa amesimama kando akisikiliza. Niliuliza kama ameelewa. Akasema masikio yake ni mazima.

Septemba 16

Nalala kwa dada yangu hapa Białystok, mchana niko hospitali. Bazyl ni wa manjano kama mshumaa wa kanisani. Hajakojoa. Amevimba uso. Kila kitu hapa kinanuka dawa ya kusafishia sakafu, na naipenda harufu hiyo.

Septemba 21

Amekojoa. Muuguzi alininyanyulia chupa juu kwenye mwanga kama mtu anayeonyesha divai.

Septemba 25

Nimerudi kijijini kumaliza kazi za watu, maana kuna gauni la arusi. Ningejua nisingerudi.

Watu wa afya walikuja nilipokuwa hospitali. Wamebandika karatasi dukani yenye picha ya uyoga ule, na jina olszówka kwa herufi kubwa. Hakuna anayeitazama. Mwenye duka amening'iniza kalenda juu yake, ikaifunika nusu. Nilipoingia, wanawake walinigeuzia migongo. Mmoja akamuuliza mwenzake, kwa lugha yao ya kwetu, kama ni kweli mke wa mjini ndiye aliyempikia siku ile.

Wifi yangu Tamara alinisubiri uani. Yeye ameolewa kijiji cha pili, na amekuja akiwa amevaa viatu vya kanisani ili kunitukana vizuri.

“Umetutangaza kwa Wapolandi kwamba mama yetu anawalisha watu sumu.”

“Angekufa, wifi.”

“Kila mtu humu anakula swinucha. Mimi nakula. Kazys anakula. Kwa nini aumwe yule anayelala na wewe?”

Nilimjibu kwamba daktari ameeleza. Akasema daktari ameelezwa na mimi. Hilo nalo ni kweli. Mama mkwe alikuwa dirishani, amesikia yote. Aliendelea kumenya viazi.

Nilishuka chumba cha chini kutafuta pipa nilimwage. Halikuwepo. Mahali pake kuna mitungi ya kioo iliyojaa, imefungwa vizuri, imepangwa mstari. Ndani, uyoga umebanwa kwenye kioo kama nyuso. Ameujaza wakati mwanawe yuko kwenye mashine. Nilipanda ngazi mbio, nikaketi kitandani nikajifunika hadi kichwa.

Oktoba 3

Mvua. Gauni la arusi limekwisha. Bibi arusi amelichukua kupitia mtoto wa jirani ili asiingie nyumbani mwetu.

Oktoba 8

Bazyl amerudi. Suruali inamzunguka mara mbili, nimepunguza kiuno. Mama mkwe alimpokea mlangoni, akamshika mashavu yote mawili, akamnusa shingo. Kisha akaenda jikoni na kwa muda mrefu hatukusikia kisu wala chungu.

Akampikia uji wa ngano na siagi. Ni safi. Nilikagua sufuria.

Oktoba 11

Bazyl ameanza kupokea wageni. Wanaketi kitandani mwetu na matope yao. Leo nimemsikia akiwaambia kwamba labda lilikuwa gongo. Baadaye akasema labda ni yule samaki wa moshi aliyemla kazini. Mgeni mmoja akasema samaki ndiye, bila shaka, hata yeye samaki yule alimsokota tumbo. Bazyl akafurahi.

Walipoondoka nikamuuliza kwa nini anasema vile na hali alimsikia daktari.

“Stefa, hawa ni watu wangu,” akasema. “Nataka niishi nao.”

Nikamwambia kuishi ndiko ninakosema mimi pia. Akageukia ukuta.

Mwanzo wa vuli hii nilidhani ninayemchukia ni mama yake. Sasa namtazama mama huyo akipita na ndoo zake, kimya, mgongo umepinda, na naona angalau yeye hasemi samaki.

Oktoba 14

Pokrova, sikukuu ya Waorthodoksi ya Mama wa Mungu. Nyumba ilijaa tangu watu walipotoka kanisani: Tamara na mumewe, Kazys, majirani wa pande zote. Nilisaidia kupanga meza. Keki ya viazi, matango, kabichi, soseji iliyokusanyiwa kuponi za familia nzima. Kisha mama mkwe akashuka chini, akapanda na mtungi, akaumimina kwenye bakuli jeupe, akaliweka katikati ya meza, mbele ya macho yangu. Ute ulichelewa kutoka, ulining'inia mdomoni mwa mtungi, ukakatika.

Wote walinitazama mimi. Hakuna aliyelitazama bakuli.

Mama mkwe akaketi, akajijazia sahani, akala. Alikula polepole, uyoga mmoja mmoja, akimtazama kila mgeni kwa zamu. Tamara akafuata, mumewe akafuata. Kazys akachukua kidogo, akasema dubu mzee hamwogopi dubu mdogo, lakini niliona ameuweka shavuni muda mrefu kabla ya kumeza. Hakuna aliyedhurika. Naandika haya jioni na wote wako wazima, wanaimba. Huo ndio ushahidi wao, na sina wa kuukata.

Pale mezani Tamara alimwambia kaka yake, kwa kicheko, lakini kwa sauti ya kusikika na wote:

“Bazyl, unaogopa nguruwe au unaogopa mkeo?”

Bazyl alicheka. Akashika uma. Nilimwona anaunyoosha mkono juu ya meza, mkono wake mwembamba wenye madoa ya sindano za hospitali, na uso wake una tabasamu la mtu anayewafurahisha watu. Akachoma mmoja. Ulikuwa mkubwa, umekunja pindo lake, unadondoka.

Mama mkwe alimpiga. Kwa mwiko wa mti, juu ya vifundo vya mkono, kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Uma ukaruka ukaangukia kabichi.

“Hii si yako,” akasema.

Alama nyekundu ilijitokeza kwenye mkono wa Bazyl. Mama mkwe alivuta bakuli karibu na kifua chake, akaendelea kula kutoka ndani ya bakuli lenyewe, bila sahani, akitafuna huku machozi yakimtiririka mpaka kidevuni na kuchanganyika na ule ute. Ulikuwa mwonekano wa kuchefua kuliko yote niliyoona nyumbani humu. Sikuweza kuyaondoa macho.

Oktoba 15

Mama mkwe amelala siku nzima. Si ugonjwa. Nilimpelekea chai, akaipokea.

Oktoba 18

Baridi ya kwanza. Nyuma ya choo uyoga umeganda, ukiukanyaga unavunjika kama sahani. Nimeukanyaga wote.

Oktoba 21

Mchana nilishuka kuchukua viazi. Bazyl alikuwa chini, amenipa mgongo. Mtungi mmoja ulikuwa wazi. Aligeuka, na vidole vyake viwili vilikuwa vinadondoka.

Alisema ananusa tu. Alisema nisimwangalie hivyo, kwamba sijui ilivyo mtu kupigwa na mama yake mbele ya kijiji kizima kama mtoto, kwamba tangu hospitali chakula chote kina ladha ya karatasi, na hiki ndicho kitu pekee anachokikumbuka kinywa chake. Alisema angeonja chumvi yake tu, maji yake tu. Alikuwa anasema na vidole bado viko hewani, hajui avipeleke wapi.

Nilivua aproni yangu nikamfuta. Kidole hiki, na hiki. Nilimfuta mpaka ngozi ikawa nyekundu, kisha aproni nikaitupa jikoni motoni. Mama mkwe alikuwa mbele ya jiko. Aliitazama ikiungua, akanusa moshi wake, akajua.

Oktoba 22

Asubuhi mama mkwe alinifuata kwenye cherehani. Kwa kawaida chumba hiki huingia kuanika uyoga tu. Alisimama, hakuketi.

“Mchukue,” akasema. “Mrudi mjini.”

Nilimwambia kazi ya Bazyl iko hapa. Akasema mbao ziko kila mahali. Nikamwambia kama ni kwa ajili ya mitungi, tunaweza kuimwaga leo, mimi na yeye, tukaiosha. Alifikiri. Nadhani alifikiri kwa haki kabisa.

“Hii tutaimwaga,” akasema. “Mwakani mvua itanyesha. Nitakwenda kijitoni, najijua. Na yeye atakuja mezani, namjua. Siku moja mkono wangu utachelewa.”

Akachukua uzi wangu uliokuwa sakafuni, akauzungusha kwenye kibiringo chake, akakiweka mahali pake.

“Akikaa hapa nitamlisha,” akasema. “Mchukue.”

Oktoba 25

Kazys ametupeleka kituoni na gari la farasi, cherehani imefungwa kwa blanketi. Tamara hakuja. Mama mkwe aliweka gunia moja nyuma, akasema ni vitu vya shamba tu. Alimfunga Bazyl skafu. Mimi nilimpa mkono, na mkono wake ulikuwa umesuguliwa kwa mchanga na sabuni mpaka umechubuka, lakini kucha zilikuwa bado za kahawia.

Oktoba 28

Białystok, kwa dada yangu. Jikoni kwake kuna vigae vyeupe na dirisha linalofunguka upande wa barabara.

Leo nimelimwaga lile gunia sakafuni lote. Nilikagua kiazi kimoja kimoja. Viazi sukari vyekundu, nikavigeuza. Vitunguu, nikavitingisha. Kwenye soksi ya zamani kulikuwa na maharage, nikatia mkono mpaka chini. Nilikung'uta gunia juu ya beseni, likatoa vumbi na nyasi kavu. Hakuna uyoga hata mmoja. Alikuwa amesema kweli.

Nilipoinua macho, Bazyl alikuwa amesimama mlangoni, akinitazama katika kazi yote hiyo. Niliuona uso wake kabla hajaugeuza, na uso ule haukuwa wa mtu aliyeshusha pumzi. Naye pia alikuwa anatumaini nitaukuta uyoga ule.